Pesa Zilizohesabiwa Mara Nane

Mtuhumiwa alikwisha kukiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Angekana, kazi ingekuwa nyepesi. Mtu akikana unambana, akibanwa anajikanyaga, nawe unamdaka palepale alipojikanyaga. Lakini huyu fundi friji alikaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya mapaja, akikubali kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichotakiwa.

"Uliiba?"

"Niliiba."

"Kiasi gani?"

"Laki moja na thelathini na mbili elfu."

"Ziko wapi?"

Fundi akatazama kucha zake. Zilikuwa kucha za mtu wa kazi, zenye grisi ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo.

"Mzee wangu, tangu jana tuko hapahapa. Ziko wapi?"

"Sijui, afande."

"Mwizi hajui alikoficha?"

"Mimi ndiye niliyepewa nizishike, na mimi ndiye sinazo. Wewe andika nimeiba, tumalize."

Inspekta aliweka kalamu chini. Kituo kizima kilimwita Mama Risiti, kwa kuwa hata chai ya kantini aliidai karatasi, na jina hilo hakulichukia. Alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo asubuhi. Saa tisa kamili dirisha la benki la kutuma fedha nje lingefungwa, na pamoja nalo ungefungwa mlango wa mtu aliyekuwa hai.

Mtu huyo alikuwa dada wa mwisho wa fundi na ndugu zake, mwalimu wa chekechea, ambaye nyumbani walizoea kumwita Kitinda Mimba hata baada ya kufikisha miaka thelathini na moja. Moyo wake ulikuwa unavuja. Hospitali ya ng'ambo iliyokubali kuuziba ilitaka dola elfu ishirini na nne, zote kwa mkupuo, leo. Katika bahasha ya vielelezo zilikuwemo dola elfu ishirini na mbili, mia sita na themanini. Zilipungua elfu moja mia tatu na ishirini, na kwa bei ya dukani, mia moja za hapa kwa kila dola, ndizo hizo laki moja na thelathini na mbili elfu alizokuwa akizikiri fundi.

Inspekta alikwisha kumpigia simu wakala wa hospitali. Pungufu halipokelewi, alisema wakala, na kitanda kikienda kwa mwingine, nafasi inayofuata ni baada ya miezi mitano. Daktari wa hapa naye alipoulizwa alifunga faili polepole na kusema kwamba miezi mitano hana. Kwa hiyo Mama Risiti hakuwa akitafuta mwizi. Alitafuta pesa, na mwizi ndiye aliyekuwa njia pekee ya kuzifikia.

"Una la kuongeza?" aliuliza akiinuka.

"Jumamosi si siku nzuri," fundi alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

"Nini?"

"Basi tu, afande. Nilimwomba kaka tuhamishe kikao. Akakataa."

Kaka Mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini tangu alfajiri, shati limenyooshwa pasi, daftari limelazwa juu ya magoti. Alikuwa karani wa bohari kwa miaka thelathini na mbili kabla ya kustaafu, na hata sasa hakuweza kupita karibu na magunia bila midomo yake kuhesabu. Juu ya jalada la daftari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Mali bila daftari huisha bila habari.

"Amesema?" aliuliza.

"Amekiri. Hajui alikoweka."

"Anajua. Mdogo wangu huyo toka utotoni akificha kitu hufumba mdomo kama kobe."

"Nieleze tena. Toka mwanzo."

Akaeleza, akifuata mistari kwa kidole. Ndugu kumi na wawili walikubaliana kuchanga. Kianzio kilikuwa laki nane, na kila mwezi laki mbili zaidi, miezi minane. Fundi aliteuliwa kuwa mshika fedha kwa sababu yeye peke yake katika ukoo ndiye aliyewahi kufanya kazi nje, miaka miwili, na kwa hiyo ndiye aliyezijua pesa za kigeni.

"Tukakata shauri zikae kwa dola," alisema. "Pesa zetu hizi, mama, ukikaa nazo ndani, leo huyu ana msiba, kesho yule ana karo. Utamnyima nani? Lakini dola nani atakukopa? Huwezi kwenda nayo dukani kununua sabuni."

"Na mkawa mnazihesabu."

"Kila mwezi, Jumapili ya kwanza, mbele ya watu wote. Mara nane. Mara saba zilikuwa kamili mpaka senti. Jumapili hii ndiyo ya nane." Akafungua ukurasa, akatoa picha. "Hiki ni kikao cha sita. Sisi si watu wa kubahatisha."

Katika picha, watu walizunguka meza, na juu ya meza yalipangwa marundo ya noti yaliyofungwa kwa mpira, marefu kama matofali. Kidole cha Kaka Mkubwa kiligusa rundo la kwanza. Fundi alisimama nyuma kabisa. Inspekta aliutazama uso wake kwa muda, akiutafutia hatia, na akaiona. Baadaye angejilaumu kwamba alitazama uso na kuacha meza.

"Mwezi wa kwanza kabisa nilinakili namba za noti zote themanini za dola mia mia," Kaka Mkubwa aliendelea. "Nimezileta."

Hilo lilimfurahisha Mama Risiti kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alitandaza noti za bahasha kwenye meza ya mapokezi, naye sajenti mnene wa zamu akawa anasoma namba. Walikwenda noti kwa noti, dakika arobaini nzima. Haikulingana hata moja.

"Kamari hiyo, afande," sajenti alisema akijinyoosha mgongo. "Anachukua, anacheza, anashinda, anarudisha noti nyingine. Siku moja mkono umeteleza. Nimeona wengi."

"Au bei ya dola imecheza," Inspekta alisema.

"Haikucheza!" Kaka Mkubwa aliruka. "Mwezi wa kwanza dola moja tuliinunua kwa mia. Juzi Jumatatu nimekwenda mwenyewe kuzichukua hizi, mia. Haikusogea hata nukta. Kama bei haikusogea, afande, basi pesa zimesogezwa na mtu. Na mwenye nia safi anaomba kikao kihamie katikati ya wiki kwa nini? Anaogopa nini Jumapili?"

Hoja ilikuwa imekamilika. Inspekta hakuipenda kwa sababu hiyohiyo, lakini saa tano ilikuwa inakaribia, akachukua kofia yake.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani hamkuwa na karakana. Kwenye sakafu ya saruji palibaki alama ya mafuta ya mraba pale mashine ilipokaa miaka mingi, na ukutani misumari ilipangwa safu nne bila kitu juu yake. Friji moja la mteja lilisimama pembeni, mlango wazi, likinuka unyevu.

"Ameuza vyote," alisema jirani, fundi baiskeli, akijifuta mikono kwenye suruali. "Mimi ndiye nilikuwa dalali wake. Mtungi wa gesi, vipimo, mashine ya kuchomelea, pampu. Pikipiki ndiyo ya mwisho."

"Alikuwa anacheza kamari?"

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo? Huyo akipewa chenji zaidi anarudi njia nzima kuirudisha. Nikusimulie. Mtungi wa gesi nilimtafutia mteja wa elfu hamsini. Yeye kachukua arobaini na nane, zile mbili kazirudisha. Eti hazimhusu, anahitaji arobaini na nane tu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Arobaini na nane kamili?"

"Kamili. Na mwezi uliofuata akataka sitini. Sitini kamili. Halafu sabini na mbili. Nilimwuliza, wewe bwana unauza vitu au unapigwa faini? Hakucheka."

"Unakumbuka siku?"

Jirani alikuwa na kalenda ya duka la matairi, na kila mauzo aliyapigia duara ili asisahau ujira wake. Maduara yalikuwa saba, na yote yaliangukia Jumamosi. Inspekta aliyaweka sambamba na tarehe alizonakili kutoka kwenye daftari la Kaka Mkubwa. Kila Jumamosi yenye duara ilikuwa kesho yake kuna kikao.

Alikaa juu ya kigogo cha jirani, akaandika: 48, 60, 72, 84, 96, 108, 120. Kila mwezi ziliongezeka kumi na mbili. Mcheza kamari huuza akishaliwa, na huuza kwa bei yoyote atakayopewa. Huyu aliuza kwa kipimo. Palikuwa na tundu mahali fulani, tundu lenye hesabu zake, nalo lilipanuka kadiri mchango ulivyonenepa. Na namba ambayo ingefuata mia na ishirini ilikuwa mia na thelathini na mbili.

"Jumamosi hizo alikuwa anatokea wapi kabla ya kuja kwako?"

"Mjini. Lile duka la kubadilishia fedha, kona ya posta. Anatoka kule uso umemshuka mpaka magotini."

Duka lilikuwa chumba chembamba chenye kioo kinene, na nyuma ya kioo mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo alikuwa akiipa mashine noti ihesabu. Saa saba kasoro. Watu wanne mbele. Inspekta alionyesha kitambulisho, wakampisha wakinung'unika.

Aliibandika picha ya fundi kwenye kioo. Keshia akavaa miwani.

"Mzee Jumamosi," alisema mara moja. "Ndivyo tunavyomwita. Amefanya nini?"

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Jumamosi anatuuzia dola zake zote. Jumatatu asubuhi anakuja kununua dola upya. Mwezi unaofuata, vilevile. Nilimwambia, baba, chagua upande mmoja ukae, wewe unatajirisha watu. Akaniambia, wenzangu wanataka kuziona."

"Wanataka kuona nini?"

"Pesa. Pesa wanazozijua."

Inspekta akaikumbuka picha ya kikao. Akaitoa mkobani. Marundo marefu kama matofali. Dola elfu kumi na nane za kikao hicho ni noti mia na themanini za mia mia, zingetosha kwenye ganda la kiberiti kikubwa. Yale juu ya meza yalikuwa noti za hapa, zote. Mchango ulikaa kwa dola mwezi mzima, na kila Jumamosi ya kuamkia kikao ulivuliwa nguo ili wenyewe wautazame.

"Nieleze kama mtoto," alimwambia keshia. "Bei ni mia. Haijabadilika mwaka huu."

"Bei ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Keshia akaonyesha ubao juu ya kichwa chake. Ulikuwa na safu mbili. Kushoto, TUNANUNUA, tisini na nne. Kulia, TUNAUZA, mia.

"Wewe ukija kuchukua dola, unatazama kulia. Ukija kutuachia dola, unatazama kushoto. Watu hutazama upande wao tu."

"Na ile inayosomwa redioni? Tisini na saba?"

"Hiyo iko katikati. Haiuzwi popote, mama. Hiyo ni ya kusikiliza."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Inspekta alifungua pochi yake. Alikuwa na elfu tano za kumfikisha mwisho wa mwezi. Akazipitisha zote chini ya kioo.

"Nipe dola."

Keshia akampa hamsini, na risiti. Inspekta akazishika kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akazirudisha chini ya kioo.

"Sasa chukua dola zako, nipe zangu."

Zikarudi elfu nne na mia saba, na risiti ya pili. Alizihesabu mara mbili, ingawa alikwisha kujua.

"Sijatoka hata mlangoni," alisema.

"Ndiyo. Na bei haijasogea hata nukta." Keshia alisema kwa upole. "Dola ni bidhaa, mama. Muuza viatu ananunua kwa hii, anauza kwa ile. Pale katikati ndipo kodi ya chumba hiki, mshahara wangu, na hofu ya tajiri kwamba watu wakizikimbia dola kesho, bei itaanguka zikiwa mkononi mwake. Mwaka huu haikuanguka. Lakini mteja anailipa hofu hiyo kila anapopita. Sita kwa kila mia, kwa kwenda na kurudi."

Sita kwa kila mia. Sita katika laki nane ni arobaini na nane elfu. Sita katika milioni moja ni sitini. Inspekta hakuhitaji kuendelea, lakini aliomba nakala za risiti zote tangu Jumamosi ya kwanza, na keshia akazichapa. Jumamosi nane, Jumatatu saba, na ile Jumatatu ya nane yenye jina la Kaka Mkubwa mwenyewe. Alijumlisha hapohapo kwenye kaunta. Laki saba na elfu ishirini zilibaki katikati ya safu mbili za ubao. Laki tano na elfu themanini na nane fundi alizirudisha kwa mtungi wa gesi, kwa vipimo, kwa pampu, kwa pikipiki. Mwezi wa nane hakuwa na cha kuuza.

Aliomba kumwona meneja. Alimweleza habari ya moyo unaovuja, ya kitanda, ya saa tisa. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, na yaelekea alihuzunika kweli.

"Leseni yetu iko ukutani," alisema. "Ubao uko wazi. Kila risiti imeonyesha bei. Ningekuwa nimemwibia, ningekurudishia sasa hivi, wallahi. Lakini sikumwibia."

Hilo ndilo lililokuwa baya, na Inspekta alitembea nalo njia nzima ya kurudi kituoni. Asubuhi aliiona hatia usoni mwa fundi. Sasa alitamani awe nayo, hata kidogo, hata kwa noti chache zilizofukiwa chini ya godoro. Pesa ya mwizi hupatikana. Hii ilikwisha kuwa kodi ya chumba na mishahara ya watu.

Saa nane na dakika ishirini aliingia tena kwenye chumba cha mahojiano, akafunga mlango.

"Jumamosi si siku nzuri," alisema. "Ulimaanisha nini?"

Fundi aliinua macho. "Bei, afande. Jumamosi inashuka, tisini na nne. Jumatatu inapanda, mia. Kila mwezi. Mimi sina bahati na siku. Nikajua tukikutana Jumatano nitaipata ikiwa sawa. Kaka akasema nina njama."

Inspekta alikaa. Alichukua karatasi, akachora ubao, safu mbili, akaandika juu ya kila safu kama ilivyokuwa dukani. Alimweleza polepole. Jumatano ingekuwa vilevile. Alhamisi vilevile. Haikuwa siku, ulikuwa upande.

Fundi aliivuta karatasi karibu. Kisha akaweka kidole kwenye nafasi nyeupe kati ya safu mbili, akakiacha hapo.

"Pikipiki yangu iko hapa?" aliuliza.

"Iko hapo."

"Kwa nini sikuuliza?"

"Ndivyo nilivyotaka kukuuliza mimi."

"Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto." Akaisukuma karatasi kando. "Lakini mimi ndiye niliyekwenda nje. Nilikuwa naosha vyombo kwenye meli miaka miwili, afande. Mshahara nilikuwa napewa kwenye bahasha na kutuma nyumbani. Sijawahi hata kusimama mbele ya ubao kama huo. Waliponiambia wewe unajua mambo ya dola, wote wakinitazama, ningesema nini? Ya kwanza ilipopungua nikadhani ni makosa yangu. Nikauza mtungi. Nikasema mwezi ujao nitakuwa mwangalifu."

Akainamisha kichwa mezani na kulia, kwa sauti, bila kujificha. Inspekta alimwacha.

Kaka Mkubwa alisimama alipomwona akitoka. "Zimepatikana?"

"Kaa, baba."

"Zimepatikana au hazikupatikana? Ni saa nane na nusu!"

"Kila kikao mlihesabu nini?"

"Pesa."

"Pesa zipi?"

"Hizi zetu. Wazee wengine hawajawahi kuishika dola, watajuaje kama si karatasi tu? Nilisema mimi mwenyewe: zikae kwa dola, lakini siku ya kikao tuzione kwa macho yetu. Ni kitu kilekile, hata namba za noti nilitegemea zirudi zilezile. Maji ukiyamimina toka mtungi kwenda ndoo yanapungua?"

Inspekta aliweka mbele yake ile picha ya kikao, yenye kidole cha mzee huyo juu ya rundo, na kando ya picha akapanga risiti kumi na sita, mbili mbili, Jumamosi na Jumatatu. Halafu akaweka zile mbili zake mwenyewe, za elfu tano zilizorudi elfu nne na mia saba. Hakueleza mengi. Mtu huyu alisoma hati za bohari miaka thelathini na mbili, na risiti huzungumza na watu kama yeye.

Alizisoma moja moja. Midomo ilihesabu. Alipofika jozi ya nane, midomo iliacha.

"Kila tulipozihesabu," alisema.

"Kila mlipozihesabu."

"Tuliweka daftari."

"Daftari lako halina kosa hata moja, baba. Nimelipitia."

Sajenti aliyekuwa mapokezi akajifanya anatafuta kitu droo ya chini. Kaka Mkubwa aliyakusanya yale makaratasi, akayalinganisha kingo, akayaweka chini tena.

"Jalada hili," alisema kwa sauti ndogo, "huwezi kuliacha kama lilivyo? Amekiri mwenyewe."

"Hakuiba."

"Najua hakuiba! Mwizi ningemsamehe. Mwizi ni mtu, unamgombeza, yanaisha. Huyu aliyeuza mpaka pikipiki ili nisimwone mwongo, nitamwambia nini? Na dada yetu nimwambie ni nani?"

Simu ya mezani ililia. Sajenti aliisikiliza, akampa Inspekta, macho pembeni. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, na sauti ilikuwa ya mtu anayeongea huku akipumzika kati ya maneno.

"Afande? Mimi ndiye mgonjwa. Wameniambia leo ndiyo mwisho. Zimepatikana?"

"Hapana, dada," Inspekta alisema. Mbele yake Kaka Mkubwa alifumba macho. "Hazitapatikana. Hazikuibiwa. Zimeliwa katika kubadilishwa, huku na huko, bila mtu kujua. Kaka yako fundi hakuchukua hata senti. Alitoa zake."



"Hakuiba?"

"Hakuiba."

"Kweli?"

"Nina risiti, dada."

Yule mwanamke alianza kulia, na ilimchukua Inspekta muda kutambua kwamba ni kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu ashukuriwe," alisema. "Nilikuwa nawaza nitakufa nimeibiwa na yule aliyenibeba mgongoni. Mwambie aje. Mwambie asiogope, aje tu nimwone."

Fundi alitoka kituoni saa tisa na dakika tano. Hakukuwa na dhamana ya kuandika wala shtaka la kufuta, ila mstari mmoja tu, hakuna kosa lililotendeka, na Inspekta aliuandika mwenyewe. Alimpa nauli kutoka kwenye zile elfu nne na mia saba. Ndugu wawili walipishana mlangoni. Mkubwa alifungua mdomo. Mdogo alimshika bega kidogo, akapita, akashika njia ya hospitali kwa miguu, nauli ikiwa bado ngumini.

Kaka Mkubwa alitia saini kupokea bahasha. Dola elfu ishirini na mbili, mia sita na themanini. Alizihesabu zote mbele ya sajenti, akilamba kidole.

"Unazipeleka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Watu wamekwisha kupata habari kwamba kitanda kimekwenda. Jioni wanakuja. Kila mmoja anataka chake, na siwalaumu, kuna aliyeuza mlango."

"Ukizibadilisha leo utapewa tisini na nne."

"Najua, mama. Umenielewesha vizuri."

"Zitakwenda laki moja na thelathini na sita elfu. Zaidi ya zile ulizomfungia ndugu yako."

"Hesabu hiyo nimeshaipiga." Alitia bahasha ndani ya shati, akafunga kifungo. "Lakini ni watu kumi na wawili. Watataka kuziona."

Kutoka kwenye ngazi za kituo, Inspekta alimwona akivuka barabara kuelekea kona ya posta. Duka lilikuwa bado wazi. Palikuwa na watu watatu mbele yake. Alisimama nyuma yao wima, kama alivyosimama bohari maisha yake yote, akafungua daftari ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula.